DSLR au renjifainda: kuchagua kamera ya safari ya Kigoma

Ukienda Kigoma na kamera moja tu begani, aina ya kamera hiyo itaamua mengi. Ndani ya siku chache utapiga picha behewani, ufukweni Kibirizi, kwenye mitaa ya Ujiji na, ukijaliwa, msituni Gombe ambako miti imefunga mwanga wa jua. Kamera inayokupa raha behewani inaweza kukwama kabisa Gombe, na ile iliyokufaa Gombe ikawa kero sokoni. Kwa hiyo tuanze na safari yenyewe, kisha ndipo twende dukani.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kama Gombe au Mahale, hifadhi za sokwe, imo kwenye ratiba yako, beba DSLR ndogo (kamera ya dijitali yenye kioo ndani) na lenzi ndefu, na usihangaike na mengine. Kama unakwenda kwa ajili ya watu, treni na maisha ya ziwani, na una muda wa kufanya mazoezi kabla ya kuondoka, renjifainda, kamera unayotazama kupitia kidirisha cha pembeni, itakupa picha ambazo DSLR ingezipata kwa shida.

Hatua ya kwanza: elewa kila moja inavyoona

Ndani ya DSLR kuna kioo kilichoinama nyuzi 45. Mwanga unaingia kwenye lenzi, unagonga kioo, unapanda hadi kwenye prizimu iliyo kichwani mwa kamera na kukufikia jichoni. Unachokiona ndicho lenzi inachokiona. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu, pazia linafunguka, mwanga unafika kwenye sensa (kipande kinachonasa picha), na wewe kwa kitambo kidogo huoni kitu. Mlio wa kamera hizi unatokana kwa sehemu kubwa na kioo hicho kupanda na kushuka.

Renjifainda haina kioo. Unatazama kupitia kidirisha chake cha pembeni, wala si kupitia lenzi. Katikati ya kidirisha kuna kiraka kidogo chenye taswira ya pili ya kitu kile kile. Unazungusha lenzi kwa kidole mpaka taswira mbili zikae juu ya moja. Zikilingana, fokasi imekaa. Mistari myeupe inakuonyesha mipaka ya picha, na nje ya mistari bado unaona: mtoto anayekuja mbio, mwendesha baiskeli aliyebeba madumu ya mawese. Unamwona kabla hajaingia kwenye picha, unamsubiri, unabonyeza. Na wakati wa kubonyeza huoni giza, kwa sababu hakuna kinachokuziba jicho.

Leica iliutengeneza mfumo huu vizuri sana katika M3 ya mwaka 1954, na kamera zake nyingi za M za leo bado zinatumia njia ile ile. Renjifainda ya kwanza ya dijitali ilikuwa Epson R-D1 ya mwaka 2004, ikafuatiwa na Leica M8 mwaka 2006. Nyingine nyingi utakazokutana nazo sokoni ni za mkanda, yaani filamu: Canonet, Yashica Electro 35, Zorki na FED za Muungano wa Kisovieti wa zamani.

Kutotazama kupitia lenzi kuna gharama zake. Unaweza kupiga picha kadhaa na kifuniko cha lenzi kikiwa bado kimefunika, kwa kuwa kidirisha hakikuonyeshi. Chujio la kukata mng'ao wa maji, lenye faida kubwa ziwani, kwenye DSLR unalizungusha huku ukiona mng'ao unavyopungua; kwenye renjifainda unakisia. Na lenzi nyingi za Leica M hazifokasi karibu zaidi ya sentimita 70, kwa hiyo picha ya jicho la samaki mgebuka ukiwa umemwinamia, sahau.

Hatua ya pili: andika picha unazozitaka, kila moja na umbali wake

Hii ndiyo hatua inayoamua, na ndiyo watu wengi wanayoiruka. Chukua karatasi. Andika picha unazotaka kurudi nazo, na mbele ya kila moja andika utakuwa mita ngapi kutoka kwa unayempiga.

Behewani, abiria aliyekaa mbele yako yuko mita moja na nusu hivi. Wauzaji wanaokuja madirishani treni inaposimama, mita mbili. Mama anayegeuza dagaa kwenye mchanga wa Kibirizi, mbili hadi nne. Mafundi wa boti, tatu. Kwa umbali huo lenzi ya milimita 35 (namba ikikua, lenzi inavuta mbali zaidi) kwenye renjifainda inatosha kabisa, na 50 inatosha kwa sura ya mtu mmoja.

Sasa njoo Gombe. Huko watu wanakwenda kuwaona sokwe ambao Jane Goodall alianza kuwachunguza Julai 1960, na kanuni ya hifadhi inakutaka ukae mita 10 kutoka kwao. Piga hesabu. Lenzi ya 35 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye sensa kubwa kama picha ya mkanda wa kawaida), kwa umbali wa mita 10, inachukua eneo lenye upana wa mita 10 na ushei. Sokwe atakuwa doa jeusi kwenye majani. Ya 50 inachukua mita saba. Hata ya 135, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika mistari ya kidirisha cha Leica za kawaida, inachukua mita mbili na nusu na zaidi kidogo. Lakini weka lenzi ya 55-250 kwenye DSLR ya Canon yenye sensa ndogo, vuta hadi 250, na kwa mita zile zile 10 unapata eneo la upana wa sentimita 90 hivi: uso, mabega na mkono unaoshika tunda. Sensa ndogo hapa inakusaidia, maana kwa Canon hizo 250 zinaonekana kama 400 za fremu kamili. Kwa Nikon, lenzi ya 70-300 inaonekana kama inafika 450.

Ukimaliza orodha, tazama umbali upi umejirudia. Kama karibu zote ziko chini ya mita tano, unaruhusiwa kuifikiria renjifainda. Kama hata picha moja unayoithamini sana iko mita 10 na kuendelea, jibu umeshalipata. Ukipenda, ruka hadi hatua ya tano.

Hatua ya tatu: pima mwanga wa Kigoma

Kigoma iko magharibi kabisa ya nchi lakini inafuata saa moja na Dar es Salaam. Kwa hiyo jua linachelewa kwa zaidi ya nusu saa: linachomoza karibu saa moja asubuhi, linakaa utosini karibu saa saba mchana, na linazama nyuma ya milima ya Kongo karibu saa moja jioni. Mpiga picha aliyezoea Dar atafika ufukweni mapema mno asubuhi, na jioni atafungasha vitu mwanga bora ukiwa bado unakuja. Panga kazi yako kwa jua la huko. Kiangazi kikikolea, moshi na vumbi vinaweza kuifuta milima ya Kongo kabisa. Baada ya mvua, ambazo huwa kati ya Novemba na Aprili, hewa inaoshwa na milima inarudi.

Ufukweni mchana, kamera zote mbili zina mwanga wa kutosha na wa ziada. Tatizo huko ni sura za watu. Mvuvi amesimama, nyuma yake ziwa linang'aa. Kamera inapima ziwa, inapunguza mwanga, na uso wake unakuwa kivuli kitupu. Kwenye DSLR ongeza +1 kwenye kitufe cha kurekebisha mwanga, tazama picha, ongeza tena kama uso bado umefifia. Kwenye renjifainda ya mkanda sogea karibu, pima mwanga usoni kwake au kwenye kivuli kinachofanana, rudi nyuma, kisha piga kwa kipimo hicho.

Msituni mambo yanageuka. Chini ya miti ya Gombe, hata saa sita mchana, kwa lenzi ya f/5.6 (kipimo cha tundu la lenzi; namba ndogo ni tundu kubwa) utahitaji ISO, yaani wepesi wa kupokea mwanga, ya 1600 hadi 3200 ili upate kasi ya 1/250 ya sekunde, na flashi hairuhusiwi. DSLR ya miaka kumi iliyopita inaimudu ISO hiyo vizuri. Mkanda wa ISO 400, kwa tundu lile lile, utakulaza kwenye 1/60 au hata 1/30, na sokwe hatulii kwa ajili yako.

Na manyoya ya sokwe ni meusi. Kamera imeundwa ione kila kitu ni kijivu cha wastani, kwa hiyo manyoya yakijaza fremu inaongeza mwanga mpaka meusi yanakuwa rangi ya majivu. Weka −1 hapo. Akipanda juu ya mti na nyuma yake kuna anga jeupe, rukia +1 na nusu au +2, la sivyo utarudi na kivuli chenye masikio. Jizoeze kugeuza kitufe hicho bila kuondoa jicho kwenye kamera.

Usiku ndipo renjifainda inapofurahisha. Kwenye giza lisilo na mbalamwezi wavuvi wa dagaa wanatoka na taa zao, zamani karabai na sasa nyingi ni za betri, na ukiwa ufukweni unaziona zimetapakaa ziwani kama mji mwingine. Kidirisha cha renjifainda kinabaki angavu hata mwanga ukiwa hafifu. Kwa kuwa hakuna kioo cha kuitikisa kamera, mtu mwenye mkono mtulivu anaweza kushika 1/15 akiwa na lenzi ya 35. Mama anayehesabu hela kwenye mwanga wa taa, lenzi ya f/2, ISO 1600: picha hiyo inawezekana. Kwa taa za ziwani zenyewe ukiwa nchi kavu, stendi ya miguu mitatu ndiyo ya kutegemewa, kwa kamera yoyote.

Hatua ya nne: umeme, uzito na mkanda

Wengi wanaamini kwamba renjifainda ni nyepesi. Ipime. Yashica Electro 35 ina uzito wa gramu 750 hivi, Leica M6 karibu 600 kabla ya lenzi. Nikon D3500 pamoja na betri ni gramu 415. Nafuu ya renjifainda iko kwenye lenzi zake ndogo na umbo lake bapa linalokaa chini ya koti au khanga bila kuvimba. Uzito wa DSLR unatoka kwenye lenzi, si kamera.

Upande wa umeme, betri moja ya D3500 imepimwa kutoa picha 1,550 kwa chaji moja. Betri mbili zinakuvusha safari ya treni kutoka Dar hadi Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200, bila kugombania soketi na mtu. Leica M3 haihitaji betri kabisa, na M6 inapiga hata betri ikifa. Inapoteza kipimo cha mwanga tu. Kuwa mwangalifu na hizi za bei nafuu: Electro 35 ikiishiwa betri inabaki na kasi moja tu ya 1/500, na betri yake ya asili, kama zile za Canonet nyingi, ilikuwa ya zebaki ambayo haitengenezwi tena. Utahitaji adapta. Hakikisha unayo kabla ya kulipa.

Mkanda mmoja una picha 36. Nunua yote kabla ya safari, usitegemee kuipata Kigoma, na panga mapema utaisafishia wapi. Uwanja wa ndege omba ikaguliwe kwa mkono, hasa ya ISO 800 na kuendelea.

Hatua ya tano: kununua mtumba bila kulia

Canon na Nikon zilihamishia nguvu kwenye kamera zisizo na kioo (si renjifainda, bali zile zinazokuonyesha picha kwenye skrini) kuanzia mwaka 2018, na tangu hapo wapiga picha wengi wa harusi wameuza DSLR zao. Hiyo ni neema kwako. Leica M11 ilipotoka mwaka 2022 iliuzwa dola 8,995, bila lenzi. Sikushauri ukope kwa ajili ya kamera ya safari.

Ukikagua DSLR ya mtumba, ondoa lenzi, inamishe kamera na utazame kioo: mikwaruzo midogo kwenye kioo haiingii kwenye picha, lakini kioo kinachosita kupanda ni kasoro. Rudisha lenzi, weka f/16, piga picha ya ukuta mweupe au anga, kisha ikuze kwenye skrini ya nyuma. Madoa meusi yanayokaa mahali pale pale kila picha ni vumbi kwenye sensa. Linasafishika, lakini liingize kwenye mazungumzo ya bei. Muulize muuzaji kamera imepiga picha ngapi, na kwa Nikon uhakikishe kwa programu inayosoma hesabu hiyo kwenye faili la picha; Canon nyingi haziiandiki humo. Mulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni kuvu. Lenzi yenye kuvu iache hapo hapo, hata akikuongezea begi.

Renjifainda ina jaribio lake, na ukilijua hutadanganywa. Toka nje na muuzaji. Zungusha lenzi hadi mwisho, kwenye alama ya umbali usio na kikomo, kisha tazama kitu cha mbali sana, mnara wa simu au ukingo wa mlima. Taswira mbili kwenye kiraka zikae moja juu ya nyingine, bila moja kupanda wala kukaa pembeni. Zikiachana, kamera imepoteza vipimo, na kila picha ya karibu itakuwa na ukungu hata kama macho yako yanakuambia iko sawa. Fundi anayeweza kuirekebisha hapatikani kila mji. Halafu tazama kiraka chenyewe: kikiwa kimefifia hata ukakitafuta kwa tabu dukani, jioni ufukweni hutakiona.

Kwenye Leica za mkanda, Zorki na FED, pazia ni la kitambaa. Fungua mgongo wa kamera, elekeza lenzi kwenye taa, na utafute vitundu vya mwanga. Vitundu hivyo hutokana na jua lililopita kwenye lenzi na kuunguza kitambaa. Sababu hiyo hiyo inakukataza kuiacha kamera ya namna hii juu ya paa la boti ikitazama anga bila kifuniko.

Hatua ya sita: fanya mazoezi nyumbani

DSLR inahitaji jioni moja ya kujua vitufe. Renjifainda inahitaji wiki kadhaa, na ukiipuuza hatua hii usiichukue safarini.

Jifunze kufokasi bila kutazama. Ukiwa na lenzi ya 35, weka f/8 na umbali wa mita tatu. Kila kilicho kati ya mita mbili kasoro kidogo na mita saba kitaonekana wazi. Jua likiwa kali na mkanda ni wa ISO 200, weka f/11 na 1/400 au kasi iliyo karibu nayo, na usiguse tena mpaka mwanga ubadilike. Sasa kamera yako ina kasi kuliko DSLR yoyote, kwa kuwa haina cha kutafuta. Kazi iliyobaki ni kujua mita tatu ni wapi. Tembea mtaani kwako, kisia umbali wa mlango, nguzo, bodaboda iliyoegeshwa, kisha hesabu hatua zako ujisahihishe. Rudia mpaka makisio yako yawe ndani ya nusu mita.

Hatua ya saba: ukifika

Kamera ndogo haikupi kibali. Kibirizi asubuhi watu wako kazini, na anayenyanyua kamera kabla ya kusalimu anaonekana mara moja. Njia ni ile ile ya kila siku:

"Shikamoo mama. Poleni na kazi."

"Marahaba mwanangu, tumeshapoa."

"Mama, naomba nikupige picha ukiwa na dagaa wako. Na nitakuonyesha."

Akikubali, hapo DSLR inapata pointi kubwa: unamwonyesha picha palepale, anacheka, anamwita jirani yake. Kwa mkanda huwezi, kwa hiyo usiahidi utakachoshindwa. Chukua namba ya simu na umtumie ikishasafishwa. Kwa upande mwingine, baada ya ruhusa hiyo, akisharudi kwenye kazi yake, DSLR itamkumbusha kila ikilia kwamba anatazamwa. Renjifainda inamwacha asahau. Akikataa, mwambie asante, nunua dagaa kama unakula, endelea.

Stesheni na bandarini omba ruhusa kwa wahusika kabla ya kutoa kamera. Jengo la stesheni ya Kigoma lilijengwa na Wajerumani, na reli iliwasili hapo mwaka 1914; ni jengo zuri na unastahili kulipiga bila kukimbizwa. Usielekeze lenzi kwa askari wala majengo yao.

Kwenye boti ya kwenda Gombe, fungia kamera kwenye mfuko usiopitisha maji, na huo mfuko uweke ndani ya begi. Upepo wa mchana unaleta mawimbi na matone yanaruka hadi katikati ya boti. Usibadilishe lenzi botini wala kwenye mchanga. Kama ni DSLR, lenzi ndefu iwe imeshafungwa kabla ya kushuka. Ukilowa, futa kamera kwa kitambaa kikavu, toa betri, na uiache wazi kivulini mpaka ikauke, juani usiiweke.

Jioni, kabla ya kula, nakili picha mahali pa pili: kompyuta, diski au kadi nyingine, na viwili hivyo visilale kwenye begi moja. Mikanda iliyokwisha kupigwa iandike namba na tarehe, ifunge kwenye mfuko mkavu na uiweke mbali na joto, maana dirishani mwa behewa kwenye jua la Tabora rangi zake zinaharibika kabla hujafika nyumbani.